Nishani na Neema: Deni Letu kwa Walinda Amani

Mcheza kwao hutunzwa. Wanaomtuza wanamjua, wamemwona kwa macho yao, na wanajua ni mtoto wa nani. Askari mlinda amani hachezi kwao. Anatumwa kwenye msitu wa nchi ambayo si yake, awalinde watu asiowajua majina, na akirudi, au akirudishwa ndani ya jeneza lililofunikwa bendera, sisi tuliobaki nyumbani hatukuona alichofanya. Kwa sababu hiyo heshima yake haiwezi kuja yenyewe. Ni lazima mtu mwenye mamlaka asimame na kusema: huyu alikwenda kwa niaba yetu, na hivi ndivyo alivyofanya.

Huko ndiko kutambuliwa rasmi. Inaweza kuwa nishani, cheti, jina kwenye mnara, au gwaride la nusu saa. Wengi wetu tunadhani hayo ni mambo ya serikali na jeshi, na kanisa halina la kusema. Hatukubaliani na mawazo hayo. Ndani yake kuna maswali ya imani yanayotuhusu sote. Je, Mkristo anayo ruhusa ya kutaka heshima ya namna hiyo? Je, sisi tunayo ruhusa ya kumnyima? Na heshima hiyo inaweza kumfanyia mtu nini, na nini haiwezi?

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, lililounda brigedi maalumu ndani ya ujumbe wa kulinda amani nchini Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kabla mwaka huo haujaisha, waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Mwezi Julai mwaka huohuo, huko Darfur nchini Sudan, Watanzania saba waliokuwa katika ujumbe mwingine wa amani waliuawa katika shambulio moja. Kisha jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilivamiwa na kupigwa kwa saa nyingi. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Jeshi letu lina vijana wa dini zote. Wamo waliopata kipaimara mbele ya madhabahu zetu, na wamo Waislamu waliokua nao mtaa mmoja na kula nao sahani moja.

Umoja wa Mataifa una taratibu zake za kuwatambua watu hawa. Askari akitimiza siku 90 katika ujumbe, kwa kawaida huvishwa nishani yenye utepe wa ujumbe huo. Tarehe 29 Mei kila mwaka ni Siku ya Walinda Amani. Kwa waliokufa kazini kuna nishani iliyoanzishwa mwaka 1997, ambayo hukabidhiwa familia. Ni kipande cha kioo chenye umbo la yai, kilichochorwa jina la marehemu na tarehe aliyofariki. Tangu ujumbe wa kwanza ulipotumwa mwaka 1948, zaidi ya walinda amani 4,000 wamepoteza maisha.

Nishani hiyo ya kioo inaitwa kwa jina la Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri la nchi yake. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na alikufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa njiani kutafuta usitishaji wa vita vya Katanga huko Kongo. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel akiwa tayari kaburini. Baada ya kifo chake lilionekana daftari alimoandika kwa miaka mingi habari za safari yake ya ndani mbele za Mungu. Mle ndani hasimulii kazi kubwa aliyoifanya wala hakuna orodha ya mafanikio. Mtu aliyejinyamazia hivyo, dunia imelichukua jina lake na kuliandika juu ya nishani.

Tukio hilo linatuingiza kwenye ugumu wenyewe. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana wetu anatuonya tusitende mema mbele ya watu ili tutazamwe. Anayepiga tarumbeta akitoa sadaka amekwisha kulipwa. Baba aonaye sirini ndiye atakayelipa. Basi mwenye kutaka kubishana nasi atasema: askari Mkristo aliyefanya wema na aridhike na Baba yake wa mbinguni. Nishani ni tarumbeta. Wahenga nao walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kuuliza neno hilo limeelekezwa kwa nani. Katika Mathayo 6 Bwana anasema na mtenda wema. Anamwambia yeye asijipigie tarumbeta. Hasemi na yule aliyetendewa wema, kumwambia akae kimya. Kwa huyo wa pili yako maneno mengine. Katika Warumi 13:7 Mtume Paulo anatutaka tuwalipe watu wote haki zao, na katika orodha ya madeni hayo, pamoja na kodi na ushuru, ameweka heshima. Heshima, kwa Paulo, ni deni. Mwenye kudai anaweza kusamehe deni lake, na huo ni unyenyekevu. Lakini mdaiwa akijisamehe mwenyewe deni lake na kuita jambo hilo unyenyekevu wa mwenzake, huo ni wizi.

Tumwangalie Bwana mwenyewe kule Bethania, katika Marko 14. Mwanamke alivunja chupa ya marhamu na kummiminia kichwani. Hakuomba sifa, na waliokuwepo walimnung'unikia. Yesu ndiye aliyemtetea, na zaidi ya hapo akaagiza kwamba kila mahali Injili itakapohubiriwa, tendo lake litasimuliwa ili akumbukwe. Yule aliyekataza tarumbeta ndiye aliyetoa agizo la kumbukumbu, na hakuna mgongano. Mwanamke hakutafuta, Bwana hakunyamaza.

Sisi Walutheri tunalo jambo la kuongeza. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kidogo kujibu swali la mwanajeshi aliyesumbuliwa na dhamiri yake: je, askari nao wanaweza kuwa katika hali ya wokovu? Luther alijibu kwamba kazi ya askari, inapotumika kulinda wanyonge na kudumisha amani, ni huduma ambayo Mungu anaweza kuitumia. Lakini alitenganisha kazi na mtu. Kazi inaweza kuwa njema na mtu anayeifanya akawa mbaya. Tena alimkemea askari anayepigana ili apate jina, akasema tamaa ya sifa na tamaa ya fedha ni tamaa zilezile. Miaka minne baadaye, Ungamo la Augsburg lilifundisha katika kifungu cha 21 kwamba watakatifu wakumbukwe ili tuimarishwe imani na kuiga matendo yao mema, kila mtu katika wito wake, lakini tusiwaombe msaada. Tuna kumbukumbu bila ibada. Huo ni mpaka mzuri kwa habari ya mashujaa wa nchi pia.

Basi tuseme wazi tunachoamini. Kumtambua askari rasmi hakumlipi, maana hakuna mshahara unaolingana na mguu uliokatwa. Wala si kumwabudu. Ni kutoa ushuhuda, na ushuhuda una amri yake, ile ya nane katika Katekisimo yetu: usimshuhudie jirani yako uongo. Kunyamazia wema aliotenda mtu ni aina mojawapo ya ushuhuda wa uongo. Luther mwenyewe alipoifafanua amri hii alitutaka tumtetee jirani na kumnenea mema.

Lakini ushuhuda ukiwa wa kweli unakata pande zote mbili. Katika 2 Samweli 23 tunasoma orodha ya mashujaa wa Daudi, watu 37. Tukiifuata hadi mwisho tunakuta jina la mwisho ni Uria Mhiti. Huyu ndiye aliyeuawa vitani kwa hila ya Daudi mwenyewe. Mwandishi wa mfalme angeweza kuliruka jina hilo, na nani angeuliza? Hakuliruka. Orodha ya heshima imebeba ndani yake aibu ya yule anayetoa heshima, na kwa sababu hiyo tunaiamini.

Sisi nasi tunapaswa kuwa na ujasiri huo. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi cha askari 60 wa Tanzania kilichokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kitarudishwa nyumbani, kwa sababu ya tuhuma kwamba baadhi yao waliwadhulumu na kuwatumia kingono watu waliokwenda kuwalinda. Ni habari ya kuumiza. Wako wanaotaka tusiitaje katika siku za mashujaa. Wako pia wanaoitaja ili kuwafuta wote. Tunakataa njia zote mbili. Mwanamke aliyeumizwa na aliyevaa kofia ya bluu ana haki ya ushuhuda wa kweli sawasawa na mama wa askari aliyekufa Semuliki. Tukificha dhambi ya mmoja ili kulinda sifa ya wote, tunashusha thamani ya nishani iliyo kifuani kwa mwaminifu. Na tukimvika kila mtu aibu ya mmoja, tumemsingizia asiye na hatia.

Tukishakubali kwamba heshima ni deni na ni ushuhuda, yanafuata mambo mawili kuhusu jinsi ya kulipa.

La kwanza ni usawa. Daudi alipowafuatia Waamaleki, watu 200 walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda mizigo. Waliopigana waliporudi walitaka kuwanyima nyara. Daudi alikataa, akaifanya kuwa sheria katika Israeli kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na mizigo watapata fungu sawa. Habari hiyo iko 1 Samweli 30. Katika ujumbe wa amani kuna anayefyatua risasi na kuna anayeendesha lori la maji, anayepika, anayetengeneza redio, anayefunga vidonda. Tena kuna aliyekufa na kuna aliyerudi mzima kwa nje, huku usiku hapati usingizi. Waliokufa tunawasomea majina. Waliojeruhiwa na kuishi ndio tunaowasahau haraka, kwa kuwa bado wako nasi na mahitaji yao yanachosha.

La pili ni wakati. Mordekai aligundua njama ya kumuua mfalme Ahasuero, akaokoa maisha yake. Jambo hilo liliandikwa kitabuni, kitabu kikafungwa. Usiku mmoja mfalme alikosa usingizi, akasomewa kumbukumbu, akauliza Mordekai alifanyiwa heshima gani. Jibu lilikuwa: hakufanyiwa neno lolote. Wakati huo mti wa kumtundikia Mordekai ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Karatasi ilikuwepo, ila hakuna aliyeisoma. Katika siku zetu tunaye Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, mlinda amani aliyekuwa Rwanda mwaka 1994. Bila silaha, alipita katika vizuizi vya wauaji akiwatoa watu wa kuuawa, akaokoa mamia, hadi alipouawa tarehe 31 Mei mwaka huo. Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani ya ushujaa kwa jina lake mwaka 2014, miaka 20 baadaye. Kuchelewa ni afadhali kuliko kusahau kabisa, lakini mtoto aliyekuwa na miaka miwili baba yake alipokufa amekwisha kuwa mtu mzima.

Askari wa pili kupewa nishani hiyo anatugusa sisi Watanzania kwa karibu. Novemba 2018, karibu na Beni, Chancy Chitete, askari wa kawaida kutoka Malawi, alikuwa na wenzake katika mapigano makali dhidi ya waasi wa ADF. Mtanzania mmoja, koplo, alijeruhiwa vibaya, akawa hawezi kusogea. Chitete alimwendea, akamvuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumhudumia, na hapo akapigwa risasi. Chitete alikufa. Yule Mtanzania alipona. Familia ya Chitete ilipokea nishani New York mwaka 2019. Tunafikiri habari hii inastahili kusimuliwa katika kila darasa la kipaimara tunapofika Yohana 15:13, kuhusu pendo la mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Wazazi wa Tanzania wanamdai Mungu shukrani kwa ajili ya kijana wa Malawi.

Hapa liko swali tulilokuwa tunalikwepa. Januari 2025 M23, wale walioshindwa mwaka 2013, waliingia tena Goma. Hata kabla ya hapo, Julai 2022, wananchi wa Goma na Butembo waliandamana wakitaka walinda amani waondoke, wakisema hawawalindi. Mzazi aliyezika mtoto ana haki ya kutuuliza: alikufa kwa ajili ya nini? Tukimjibu kwamba alileta amani Kongo, tumemdanganya, na mkimbizi yeyote kutoka Kivu atajua kwamba tumedanganya.

Tunajibu kwa habari ya kisima cha Bethlehemu, iliyo katika sura ileile ya 2 Samweli 23. Watu watatu walipenya kambi ya Wafilisti ili kumletea Daudi maji aliyoyatamani. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akasema hiyo ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Ukipima kwa matokeo, safari ile haikuzaa kitu. Hakuna koo lililoburudika. Lakini Daudi hakupima hivyo. Aliona uhai uliotolewa, akaona ni mtakatifu mno kwa matumizi yake mwenyewe, akamrudishia Mungu. Thamani ya aliyekufa Semuliki haiko mikononi mwa wanasiasa walioshindwa kuilinda amani baada yake. Tena, tukimheshimu, tusiinywe heshima hiyo sisi. Kiongozi asiigeuze kuwa kura, na sisi wachungaji tusiigeuze kuwa pambo la mahubiri.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo zito kwetu. Nishani haiwezi kumhesabia mtu haki. Yuko askari mwenye nishani ambaye moyoni mwake kuna uso wa mtu aliyemuua, au wa mwenzake aliyemwacha alipokimbia, au wa mtoto waliyemfikia wakiwa wamechelewa. Kadiri tunavyomsifu ndivyo anavyozidi kuumia, maana anajua mambo ambayo sisi hatuyajui. Kumwambia wewe ni shujaa ni kumfungia mlango. Huyu anahitaji mahali pa kusema siku ile alikuwa nani, na kusikia neno la ondoleo la dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Na kama alipo ni majeraha ya akili, anahitaji pia daktari, na wa kumsindikiza kwa daktari. Dola inaweza kutoa heshima kwa kazi iliyofanyika. Haiwezi kumsamehe aliyeifanya. Kazi hiyo Kristo amelipa kanisa lake, na hakuna taasisi nyingine tunayoweza kuisukumia.

Tunapendekeza basi mambo machache, ambayo usharika wowote unaweza kuyafanya bila bajeti. Jumapili iliyo karibu na tarehe 29 Mei, na nyingine karibu na Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, sala ya kanisa iwataje walinda amani, walio hai na waliolala, pamoja na watu wa Kongo na wa nchi nyingine walikotumwa, na wale walioumizwa na waliotumwa kuwalinda. Wazee wa kanisa wajue nyumba za washarika zenye askari aliye mbali, na wazitembelee wakati yuko mbali, wasingojee msiba. Mjane na yatima waendelee kutembelewa mwaka wa tano na wa kumi, wakati wageni wa serikali wamekwisha kuondoka na kile kioo kimebaki kabatini. Familia inayohangaikia mafao au nishani ipate mtu wa kuwasaidia kuandika barua na kufuatana nao ofisini. Aliyerudi asilazimishwe kutoa ushuhuda mbele ya watu. Akitaka kunyamaza, akae nasi kwenye benchi akiwa kimya, na mchungaji ajulikane kuwa ana muda wa kumsikiliza.

Chanda chema huvikwa pete, na ni haki kivikwe. Wale waliovikwa nishani tuwashangilie. Wale waliostahili wasivikwe tuwasemee. Na wote, wenye nishani na wasio nayo, tuwakaribishe kwenye meza ambayo hakuna anayeifikia kwa sifa zake. Bwana atupe macho ya kuwaona.